Neno 'tribe': maana zake na matumizi yake

Lugha ya Kiingereza ina maneno mengi ya kutaja kundi la watu: 'group', 'people', 'nation', 'community', 'clan' na mengineyo. Miongoni mwa maneno hayo, 'tribe' ndilo linalozusha ubishi zaidi. Kamusi nyingi hulitafsiri kwa neno moja tu la Kiswahili, yaani kabila, na kuishia hapo. Mwanafunzi huikariri jozi hiyo tangu shule ya msingi na kukua akiamini kwamba maneno hayo mawili yana uzito sawa.

Ukweli ni kwamba hayalingani. Kwa Mmarekani wa asili, 'tribe' ni jina la mamlaka yenye serikali na mahakama zake. Kwa raia wa India ni ngazi ya kisheria inayompa mhusika haki maalumu. Kwa mwandishi wa habari wa Ulaya lilikuwa, kwa muda mrefu, jibu la haraka kwa kila vita vilivyozuka barani Afrika. Kwa shabiki wa kandanda wa London ni mzaha. Neno ni moja, lakini hadhi anayopewa anayetajwa hutofautiana mno, kutegemea nani anasema na anamsema nani.

Kwa mwenyeji wa Afrika Mashariki, na hasa kwa yule anayeishi ughaibuni, tofauti hizo si suala la wanaisimu peke yao. Neno hilo limo katika fomu za kuomba hifadhi, katika hukumu za mahakama na katika taarifa za habari zinazoieleza nchi yake kwa walimwengu.

Asili ya neno

'Tribe' hutamkwa 'traib', na wingi wake ni 'tribes'. Sifa inayotokana nalo ni 'tribal', na kutoka hapo huundwa 'tribalism', ambalo kwa Kiswahili ni ukabila.

Chimbuko lake ni neno la Kilatini 'tribus'. Kwa mujibu wa mapokeo ya Warumi wenyewe, raia wa mji wa Roma waligawanywa tangu awali katika 'tribus' tatu. Baadaye idadi hiyo iliongezeka hadi kufikia 35, nne za mjini na 31 za mashambani. Raia aliandikishwa humo kwa ajili ya kuhesabiwa, kutozwa kodi, kuingizwa jeshini na kupiga kura. Kwa maneno mengine, 'tribus' haikuwa jamii ya porini isiyo na dola. Ilikuwa sehemu ya utawala wa dola yenye nguvu kuliko zote katika eneo la Mediterania, na ilikaribiana zaidi na kata au jimbo la uchaguzi la siku hizi.

Mabaki ya asili hiyo yangalipo. Maneno ya Kiingereza 'tribune', mtetezi wa raia, 'tribunal', baraza la hukumu, na 'tribute', ushuru au heshima anayotolewa mtu, yote yanatokana na mzizi huo huo. Ni ajabu kwamba shina lililozaa majina ya mahakama na utetezi wa raia ndilo lililokuja kutumiwa kuwaelezea watu waliodhaniwa kuwa hawana sheria.

Neno liliingia katika Kiingereza katika karne ya 13, na matumizi yake ya kwanza yalihusu makabila 12 ya Israeli yanayosimuliwa katika Biblia. Hapa maana ilikuwa watu wa nasaba moja, waliotoka katika kiuno cha babu mmoja. Tafsiri za Biblia za Kiswahili nazo hutumia neno kabila kwa maana hiyo, na hakuna msomaji anayeona dharau ndani yake.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19. Wataalamu wa elimu ya jamii barani Ulaya na Marekani, akiwamo Lewis Henry Morgan, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri 'Ancient Society' mwaka 1877, walijaribu kuzipanga jamii zote za wanadamu katika ngazi, kutoka za chini hadi za juu. Katika ngazi hizo, 'tribe' ilikaa chini na dola la kisasa likakaa juu. Mwaka 1962 Mmarekani Elman Service aliweka mpangilio uliofundishwa kwa miaka mingi vyuoni: kundi dogo la wawindaji, kisha 'tribe', kisha himaya ya chifu, na mwishowe dola. Tangu hapo, kumwita mtu 'wa tribe' kulianza kubeba ujumbe wa chini kwa chini kwamba mtu huyo bado hajafika.

Kabila na taifa kwa Waswahili

Neno kabila limepita njia nyingine kabisa. Limetoka katika Kiarabu, 'qabila', lenye maana ya watu wanaojinasibu na babu mmoja. Katika Kurani, Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, makabila yanatajwa pamoja na mataifa, na kusudi linalotajwa ni watu wapate kujuana. Katika nchi ya Omani hadi leo jina la kabila ni sehemu ya jina la mtu, nalo husemwa kwa fahari. Mzungumzaji wa Kiswahili wa Muscat anapoulizwa kabila lake, anaulizwa nasaba. Haulizwi kama amestaarabika.

Hata neno taifa halikuwa na maana ya leo tangu mwanzo. Mjini Mombasa, Waswahili wenyeji walijigawa katika makundi 12 yaliyojulikana kwa jina la Thenashara Taifa. Makundi hayo yalikuwa na pande mbili: Tisa Taifa, na Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Kila taifa lilikuwa na wazee wake na heshima yake mjini. Waandishi wa Kiingereza walipoyatafsiri majina hayo, wengi waliandika 'Twelve Tribes'. Watu walijiita taifa kwa lugha yao, wakageuka 'tribe' kwa lugha ya mwingine. Mfano huo mdogo unaonyesha kwamba tafsiri inaweza kumshusha mtu daraja bila yeye mwenyewe kujua.

Enzi ya ukoloni

Utawala wa Waingereza uliligeuza neno hilo kuwa chombo cha kazi. Nchini Tanganyika, Gavana Donald Cameron alianzisha utaratibu wa kutawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 ikaupa nguvu. Utaratibu huo ulitaka kila Mwafrika awe na kabila, na kila kabila liwe na eneo lake na mkuu wake. Mahali ambapo mambo hayakuwa hivyo, yalipangwa yawe hivyo. Nchini Kenya, kipande ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kuwa nacho tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kiliandikwa pamoja na mambo mengine 'tribe' ya mwenye nacho.

Hata hivyo, majina mengi yaliyojazwa katika nafasi hiyo hayakuwa ya zamani wala hayakuwa na mipaka ya kudumu. Neno Sukuma lina maana ya kaskazini. Lilikuwa jina la upande, na mtu aliitwa hivyo na jirani aliyeishi kusini kwake. Jina Kalenjin, ambalo maana yake ni 'nakwambia', lilianza kutumiwa katika miaka ya 1940 kuwaunganisha watu wa Bonde la Ufa wenye lugha zinazokaribiana, wakiwamo Wanandi na Wakipsigis. Jina Mijikenda, yaani miji tisa, nalo lilishika mizizi katika miaka hiyo hiyo katika pwani ya Kenya, na jina Waluhya katika kipindi kinachokaribiana na hicho huko magharibi.

Zanzibar ilitoa mfano ulio wazi zaidi. Kati ya sensa ya mwaka 1924 na ile ya 1931, idadi ya watu waliojitaja kuwa Waswahili ilishuka mno. Watu hao hawakufa wala hawakuhama. Jina Mswahili lilikuwa limeanza kuhusishwa na nasaba ya utumwa, kwa hiyo wengi walichagua jina jingine, kama vile Mshirazi.

Mwanahistoria wa Kiingereza John Iliffe, katika kitabu chake cha historia ya Tanganyika kilichotoka mwaka 1979, alieleza kwamba makabila ya nchi hiyo yalijengwa kwa kiasi kikubwa katika zama hizo, na kwamba Waafrika wenyewe walishiriki kuyajenga kwa sababu yalikuwa na manufaa kwao. Kabla yake, mwaka 1971, msomi wa Afrika Kusini Archie Mafeje alikuwa ameandika makala iliyohoji kama wataalamu wa kigeni walikuwa wakiliona kabila kwa sababu lipo, au kwa sababu miwani yao iliwaonyesha hilo tu.

Hoja za wasomi hao hazina maana kwamba makabila ni uongo. Lugha, mila, vyakula na utani ni mambo ya kweli. Mchaga na Mpare hutaniana hata msibani, na hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo kwa amri ya serikali. Kinachohojiwa ni dhana kwamba kabila ni kitu kisichobadilika, na kwamba linatosha kueleza kila analofanya Mwafrika.

'Tribe' kama haki ya kisheria

Upande wa pili wa dunia, neno hilo hilo ni silaha ya wanyonge. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inawataja 'Indian Tribes' sambamba na majimbo na mataifa ya kigeni pale inapozungumzia mamlaka ya Bunge juu ya biashara. Mwaka 1831 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi iliyowahusu Wacherokee na jimbo la Georgia, ilisema kwamba makundi hayo ni mataifa ya ndani yaliyo chini ya ulinzi wa Marekani. Maelezo hayo yaliwanyima Wacherokee hadhi ya nchi ya kigeni waliyoitaka, lakini yaliacha mlango wazi kwa madai yao ya kujitawala.

Leo serikali ya Marekani inayatambua makundi zaidi ya 570 kwa jina la 'tribe'. Kutambuliwa huko kuna thamani kubwa: kundi huwa na serikali yake, huweza kuwa na polisi wake, mahakama zake na hata vyuo vyake, na hujadiliana moja kwa moja na serikali kuu. Yako makundi yaliyopigania kutambuliwa kwa miongo mingi. Pamoja na hayo, makundi mengi hujiita 'Nation', kama vile Cherokee Nation na Navajo Nation. Mtu mmoja anaweza kutumia 'tribe' mahakamani asubuhi na 'nation' kwenye sherehe jioni, bila kuona mgongano wowote.

India nayo ina orodha ya makundi yaitwayo 'Scheduled Tribes', chini ya katiba iliyoanza kutumika mwaka 1950. Katika sensa ya mwaka 2011 watu wa makundi hayo walikuwa zaidi ya milioni 104, sawa na asilimia 8.6 ya wananchi wote. Wametengewa viti 47 katika Bunge la nchi hiyo, pamoja na nafasi katika vyuo na ajira za serikali. Rais Droupadi Murmu, aliyeapishwa Julai 2022, ni wa jamii ya Wasantal na ndiye wa kwanza kutoka katika makundi hayo kushika wadhifa huo.

Orodha hiyo inawagusa pia watu wenye asili ya Afrika. Wasidi, ambao wahenga wao walivuka Bahari ya Hindi kutoka Afrika, wengine wakiwa watumwa na wengine askari na mabaharia, wanatambuliwa kuwa 'Scheduled Tribe' katika sehemu za jimbo la Gujarat, na tangu mwaka 2003 pia katika jimbo la Karnataka. Jina ambalo msomi wa Nairobi au Dar es Salaam angelikataa kwa hasira, kwa Msidi wa Karnataka ni ufunguo wa shule ya mtoto wake.

Sheria za kimataifa nazo zimelipa nafasi. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1989, unawahusu watu wa asili na watu wa 'tribal', na unatambua haki zao juu ya ardhi.

Nchini Kenya, jambo linalofanana na hilo lilionekana mwaka 2016, pale Wamakonde wa Kwale walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi. Wazee wao walikuwa wamefika Kenya tangu zama za ukoloni, wengi wao kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, lakini wajukuu waliozaliwa humo hawakuwa na vitambulisho. Mwaka 2017 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya, na baadaye mwaka huo Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa la 44. Wapemba wanaoishi katika pwani ya Kenya walitambuliwa mwaka 2023. Kwa watu hawa, kuhesabiwa kuwa kabila kulikuwa na maana ya kupata kitambulisho, na kwa kitambulisho hicho, akaunti ya benki, leseni na kura.

Neno linapoficha sababu

Hatari kubwa ya neno 'tribe' imo katika taarifa za vita. Kati ya Aprili na Julai 1994, nchini Rwanda waliuawa watu wapatao 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Wengi wao walikuwa Watutsi. Wahutu waliopinga mauaji hayo nao waliuawa. Katika wiki za mwanzo, sehemu ya vyombo vya habari vya Magharibi iliyaeleza mauaji hayo kuwa ni mapigano ya 'tribes', kana kwamba uhasama wa kale ulikuwa umejilipukia wenyewe.

Maelezo hayo yalikuwa na kasoro mbili. Kwanza, Wahutu, Watutsi na Watwa wanazungumza lugha moja, Kinyarwanda, wameishi vilima vimoja, na koo zao zilichanganya watu wa makundi yote matatu. Mgawanyiko uligandishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, walipotoa vitambulisho vilivyotaja kila mtu ni wa kundi gani. Pili, mauaji yalipangwa. Kulikuwa na orodha za majina, vizuizi barabarani, wanamgambo waliofunzwa na redio iliyochochea. Neno 'tribal' liliwafanya wasikilizaji wa mbali waamini kwamba hakuna aliyepanga, na kwa hiyo hakuna wa kuzuiwa.

Wakati huo huo vita vilikuwa vikiendelea Bosnia, tangu mwaka 1992 hadi 1995. Waserbia, Wakroatia na Wabosnia Waislamu nao wanazungumza lugha zinazoelewana kabisa, na huko nako raia waliuawa kwa sababu ya kundi lao. Neno lililotawala katika Kiingereza kuhusu vita hivyo lilikuwa 'ethnic', si 'tribal'. Tofauti iliyokuwapo ni bara.

Suala la jina lilifika hadi Arusha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 kuhusu mauaji ya kimbari unayalinda makundi ya aina nne: ya kitaifa, ya kikabila kwa maana ya 'ethnical', ya rangi na ya dini. Neno 'tribe' halimo. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ilipomhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, mnamo tarehe 2 Septemba 1998, majaji walilazimika kujibu swali gumu: ikiwa Watutsi wana lugha na utamaduni mmoja na Wahutu, je, ni kundi linalolindwa na mkataba huo? Walizingatia, pamoja na mengine, vile vitambulisho na namna Wanyarwanda wenyewe walivyojitambua, wakaamua kwamba ndiyo. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Kenya ilikumbwa na tatizo linalofanana na hilo katika lugha ya habari baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Ilieleza kwamba sehemu ya ghasia ilizuka papo kwa papo na sehemu nyingine ilipangwa, huku wanasiasa na wafanyabiashara wakihusika, na polisi nao wakiwa wameua. Anayesoma kwamba yalikuwa 'tribal clashes' tu hapati habari ya ardhi, ya fedha, ya vijana wasio na kazi, wala ya risasi za askari.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki dunia Mei 2025, alilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 2009 aliandika makala akiliita kabila katika siasa za Afrika kuwa ni hekaya. Takwimu zinaipa hoja hiyo uzito. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019 Wakikuyu walikuwa zaidi ya milioni 8 na Waluo zaidi ya milioni 5. Scotland, kwa sensa ya mwaka 2022, ilikuwa na watu milioni 5.4, na Iceland haifikishi watu 400,000. Hao wawili wa mwisho huitwa 'nation' bila mjadala. Wawili wa kwanza huitwa 'tribe'. Idadi ya watu, basi, siyo kipimo kinachotumika.

Njia ya Tanzania

Tanganyika ilichukua hatua mapema. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria, na sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumuuliza mwananchi kabila lake. Kwa sababu hiyo, hakuna takwimu rasmi ya leo inayoonyesha Wasukuma ni wangapi au Wamakonde ni wangapi nchini Tanzania.

Matokeo yake katika lugha ni ya kuvutia. Mtanzania humuuliza mwenzake 'wewe kabila gani?' ndani ya daladala, wakacheka, wakataniana na kuachana kwa amani. Mkenya wengi husita kuuliza hivyo mbele za watu, na katika magazeti na redio za Kenya neno 'jamii' limechukua nafasi ya kabila. Lugha ni moja na swali ni moja, lakini historia ya kila upande wa mpaka imelipa ladha yake.

Matumizi mengine ya siku hizi

Katika Kiingereza cha kila siku neno hilo limepata maana nyepesi pia. Mtu husema amewapata watu wa 'my tribe' akiwa na maana ya wenzake wanaopenda anayoyapenda, iwe ni baiskeli, muziki au michezo ya kompyuta. Kundi la muziki wa hip hop la A Tribe Called Quest, lililoanzishwa New York mwaka 1985, lilivaa jina hilo kwa majivuno. Katika uuzaji wa bidhaa, wateja waaminifu nao huitwa hivyo.

Katika siasa za Marekani na Uingereza, 'tribal' sasa hutumiwa kulaumu ushabiki wa vyama, pale mpiga kura anapotetea upande wake hata unapokosea. Mwaka 2018 profesa wa sheria Amy Chua alichapisha kitabu chenye jina la 'Political Tribes' kinachoihusu Marekani yenyewe kwa sehemu kubwa. Baadhi ya wasomaji wa Kiafrika huona faraja kwamba hatimaye kioo kimegeuzwa. Wengine huona kwamba lawama ni ile ile: anapokosea Mzungu, husemwa kwamba amefanana na watu wa 'tribe'.

Wanabiolojia wana maana yao isiyo na ugomvi. Kwao 'tribe' ni daraja lililo kati ya familia na jenasi. Ng'ombe na nyati wamo katika daraja moja liitwalo Bovini. Ngano na shayiri zimo katika Triticeae.

Neno hili katika fomu

Wanaoishi ughaibuni hukutana na neno hili zaidi katika karatasi za serikali, na hapo makosa yanaweza kugharimu.

Fomu ya sensa ya Marekani inapotaja 'tribe', inawahusu Wamarekani wa asili na wenyeji wa Alaska. Mhamiaji kutoka Afrika Mashariki hatakiwi kuandika hapo Mhaya au Mkamba.

Fomu ya kuomba hifadhi nchini Marekani, iitwayo I-589, ni tofauti. Humo mwombaji huulizwa kwa pamoja rangi yake, kundi lake la 'ethnic' au la 'tribal'. Hapo jina la kabila ndilo mahali pake.

Aidha, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unataja sababu tano za kuteswa zinazomstahilisha mtu kulindwa: rangi, dini, utaifa, kuwa mwanachama wa kundi fulani la kijamii, na maoni ya kisiasa. 'Tribe' haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, unaeleza kwamba rangi huchukuliwa kwa mapana yake, na kwamba utaifa hauishii kwenye uraia bali hujumuisha pia kundi la asili au la lugha. Aliyefukuzwa kwake kwa ajili ya kabila, basi, hajaachwa nje. Linalohitajika ni mkalimani anayejua kwamba anapotamka 'tribal fighting' kwa haraka, afisa anaweza kusikia ugomvi wa majirani, ilhali mwombaji amesimulia habari ya kuwindwa kwa jina lake.

Namna ya kulitafsiri

Kwa kuwa maana ni nyingi, neno moja la Kiswahili halitoshi. Mifano ifuatayo inaweza kumsaidia mfasiri, mwanafunzi au mwandishi.

Katika habari za Israeli ya kale, tumia kabila.

Kwa Wamarekani wa asili, kabila linafaa, lakini pale wenyewe wanapojiita 'Nation', taifa ndilo sahihi.

Kwa mashabiki na marafiki, tumia wenzangu, watu wangu au kundi letu. Kwa vyama vya siasa, ushabiki au upambe hueleza vizuri zaidi kuliko ukabila.

Kwa Afrika, anza na jina la watu wenyewe: Wanyamwezi, Waluo, Waganda. Mara nyingi jina hilo linatosha na halihitaji neno jingine mbele yake. Ikiwa wanaohusika ni watu wa babu mmoja, ukoo ni sahihi zaidi kuliko kabila.

Kwa anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza, ni vyema kukumbuka kwamba 'kabila gani?' la daladala linaweza kumkwaza msikilizaji likigeuzwa neno kwa neno. 'Ethnic group' au 'people' huwa salama zaidi katika maandishi rasmi, na swali kuhusu lugha ya mtu au mahali alikotoka wazee wake huleta jibu lile lile bila ukakasi.

Mwisho, iko njia rahisi ya kuipima sentensi yoyote yenye neno 'tribe'. Mahali palipotajwa Afrika, weka Scotland, Bosnia au Ubelgiji, kisha usome tena. Ikiwa sentensi inabaki na maana, neno limetumika kwa haki. Ikiwa inachekesha au inaudhi, kuna jambo ambalo mwandishi ameliruka, na mara nyingi jambo hilo ni jina la mtu aliyetoa amri.